Mpiga Dramu wa Nyundo Saba

4 Machi

Mwanangu Chiriku,

Kabla ya lolote pokea salamu zangu mimi niliyekuzaa. Mimi ni mzima, ila mgongo unaniuma upande mmoja tangu tuletewe mashuka mazito pale hospitalini, na kuyafua ni sisi sisi. Baba yako anakusalimu sana, juzi alianguka ngazini akichora bango la kinyozi lakini hakuumia, alilia rangi yake tu iliyomwagika. Bibi yako anakusalimu, goti limepungua uvimbe, sasa anaweza kutembea hadi mlangoni kugombana na watu. Mdogo wako anakusalimu, amejifunza kushona kola na anataka kumshonea kola kila mtu hata asiye na shati. Mwenye duka anakusalimu. Na paka yupo, kazaa tena.

Mwanangu, wote hao wananiuliza swali moja, mbona Chiriku hapigi simu? Jumamosi nne sasa naoga, navaa, nakwenda kukaa dukani kwenye kigoda tangu saa nne, mwenye duka ananitazama ananionea huruma, simu inalia kumbe ni mtu anaulizia misumari. Nimerudi nyumbani mara nne na uso wangu chini.

Uliniandikia kwamba simu ya hapo kwenu imeharibika. Sawa. Lakini mara ya mwisho ilipokuwa nzima tuliongea vipi? Nilikuambia bibi goti limevimba hawezi kusimama, ukanijibu, "Vizuri sana Mama, nashukuru." Nikakuuliza unakula? Ukasema, "Jumapili." Nilishika ile simu nikaitazama. Nikajua hapo ulipo kuna mtu amesimama karibu yako na wewe hutaki ajue unaongea na nani. Mimi sikusoma sana lakini sauti ya mtoto wangu naijua.

Sasa niambie mambo yako. Zamani ulikuwa ukinijaza mambo ya bendi na nyimbo mpaka naomba kupumzika. Siku hizi hata hayo nayatamani. Niandikie na uniambie ukweli.

Ni mimi mama yako.

15 Machi

Mama yangu,

Shikamoo. Wafikishie baba na bibi shikamoo zao. Mwambie mdogo wangu kola yangu asiifanye ndefu.

Mama, hakuna mtu aliyesimama karibu yangu. Simu ya hapa ina mikwaruzo, na imewekwa ukutani kwenye korido ambako kila anayepita anapiga kelele. Ndiyo maana nikasema tuandikiane. Barua inakaa, unaisoma hata kesho.

Umeniomba habari za bendi, usije ukajuta. Kila Jumapili saa tisa alasiri nakwenda ukumbi wa chama cha wafanyakazi, mtaa wa pili kutoka kiwandani. Wanapiga Nyundo Saba. Ni watu sita. Ukiwauliza wa saba yuko wapi wanakuonyesha spika yao kubwa, ile nyeusi yenye ukubwa wa kabati. Mimi nasimama hapo hapo kwa huyo wa saba, nimeegemea kabisa. Gitaa la besi likianza linakuingia kwenye mbavu kama mtu anakupiga mgongoni kukupongeza.

Lakini Mama, mpiga dramu! Ungemwona! Mkono wa kulia unakwenda polepole kama anakoroga uji, wa kushoto una haraka zake, na mguu unakanyaga hadi sakafu ya mbao inatetemeka. Mimi navua viatu niisikie vizuri. Kila mara kabla ya kumaliza wimbo anainua kidevu, na hapo ujue kinachokuja ni pigo moja tu, zito, halafu kimya. Huwa namtazama yeye tu. Mwimbaji anaweza kukudanganya kwa uso, mpiga dramu hawezi.

Mara moja moja wanakuja Kokoto, vijana wanaovaa ovaroli jukwaani. Wanarukaruka mno, lakini yule wa besi ana vidole virefu, anatembea navyo juu ya nyuzi kama kaa. Wimbo wao mpya watu wote waliupenda, walinyanyua mikono.

Kazini salama. Mashine yangu ya misumari ni ile ile, inakata misumari kama ina hasira na mtu.

Mwanao, Chiriku.

27 Machi

Chiriku mwanangu,

Barua yako ilifika, tumeisoma wote, baba yako kaisoma kwa sauti na bibi akauliza kama huyo wa saba analipwa. Tuko wazima. Mdogo wako anakusalimu, paka anakusalimu na wanawe watatu.

Nimeirudia peke yangu usiku na mchana, na barua zako mbili za kabla yake nazo nikazitoa kwenye kopo. Nimehesabu kwa kidole. Mpiga dramu umemtaja mara kumi na moja. Mkono wake, mguu wake, kidevu chake. Baba yako hujamtaja mara kumi na moja tangu uondoke.

Mwanangu, mimi nilikuwa msichana. Najua mtu akianza kukuandikia kidevu cha mtu, kuna jambo. Ana mke? Ana kazi nyingine au ndiyo hiyo ya kupiga? Na kwa nini unavua viatu mbele za watu?

Na kuna kingine kinanitia wasiwasi. Zamani ulikuwa unaniandikia maneno ya nyimbo. Ule wa Ufunguo Uko kwa Jirani uliniandikia wote, "Nimebisha kwangu kama mgeni, nimejiambia mwenyewe hodi," mpaka wenzangu kule kwenye kufulia wakaukariri. Siku hizi unaniandikia vidole na mikono. Unasema wimbo mpya watu waliupenda. Unasema nini huo wimbo? Hujui? Au huendi kusikiliza, unakwenda kutazama mtu?

Basi kwa kuwa simu yako ina mikwaruzo nimetafuta njia yangu. Nimenunua kanda mpya, nimeazima redio ya mwenye duka yenye kurekodi. Tumekaa sebuleni wote. Baba yako kaongea, bibi kaongea mpaka tukamnyang'anya, mdogo wako kaimba. Na mimi nimekuuliza jambo moja kubwa humo ndani. Sikiliza ukiwa peke yako, kisha unijibu hilo jambo, usizunguke.

Mama yako, roho juu juu.

9 Aprili

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Kanda imefika salama, haikuvunjika.

Nimeisikiliza mara tatu. Sauti zenu tamu, Mama, ilikuwa kama mmekaa hapa chumbani. Baba hajabadilika. Bibi kanichekesha. Mdogo wangu anaimba vizuri, aendelee. Na wewe nimekusikia, nimeyatia moyoni yote uliyosema. Jibu langu ni kwamba usiwe na wasiwasi, kila kitu kiko sawa.

Samahani barua ni fupi, kazi zimekuwa nyingi. Jumapili mbili hizi sikwenda ukumbini. Nilikuwa nimechoka.

Huyo mpiga dramu ni mpiga dramu tu, Mama.

Mwanao.

16 Aprili

Kaka yangu mpendwa,

Salamu kwako na kwa shemeji na watoto wote, na huyo mkubwa nimesikia amepata kazi, mpe hongera. Sisi huku tunapumua. Nakuandikia kwa sababu lori lako linapita mji ule anaoishi Chiriku, na mimi nimefika mwisho wa kufikiri.

Nilimtumia kanda yenye sauti zetu. Humo nilimuuliza kama ana mimba, nilimuuliza wazi, mbele ya baba yake. Juzi baba yake akataka na yeye amrekodie dada yake salamu, tukaenda dukani kwenye ile redio, nikamwonyesha nilivyofanya. Mwenye duka akashika kiuno. Akasema, "Mama, ulibonyeza hiki kimoja tu?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Kurekodi ni kubonyeza viwili pamoja, hiki na chekundu. Hapo ulikuwa unaizungusha tu." Kaka, tuliongea na redio saa nzima na haikushika hata kikohozi. Kanda niliyotuma ni tupu. Niliona aibu nikataka kumwandikia asinicheke.

Siku ya pili barua yake ikafika. Nakunakilia: "Nimeisikiliza mara tatu. Sauti zenu tamu. Bibi kanichekesha." Bibi kamchekesha kwa kipi? Kwenye kanda tupu!

Mtoto wangu hajawahi kunidanganya hivi, hata alipovunja sufuria alikuja na vipande mkononi. Nimelala na jambo hili na nimeamka nalo. Labda hata bahasha hakuifungua yeye. Labda kuna mtu anayefungua barua zake na kumwambia andika hivi, andika vile. Simu hashiki. Nyimbo hajui. Na mwishoni hakuandika hata Chiriku, kaandika mwanao tu.

Nenda Jumapili ukumbi wa chama cha wafanyakazi, saa tisa. Usiseme nimekutuma. Mtazame mpiga dramu wa Nyundo Saba, na Chiriku mtazame tumbo. Niandikie uliyoyaona, usinipunguzie.

Dada yako.

29 Aprili

Dada,

Mimi mzima, gari ndilo bovu. Nimekwenda kama ulivyoniamuru, nimekosa na usingizi wangu wa Jumapili, lakini sidai.

Kwanza mkweo. Mpiga dramu wa Nyundo Saba ni mzee, ananizidi mimi. Miwani yake imefungwa kamba nyuma ya kichwa isidondoke. Kila baada ya nyimbo mbili anakunywa maji ya moto kwenye chupa ya chai. Mkewe kakaa nyuma yake na koti lake mapajani, na akikosea mkewe anatikisa kichwa. Kama Chiriku anataka kumchukua huyo, atamchukua na mke na chupa. Ila anapiga, dada, sitamsema vibaya. Hata mimi mguu ulinikimbia.

Pili, tumbo hakuna. Amekonda.

Sasa nikwambie lililoniudhi. Nilimkuta mbele kabisa, viatu kavua kweli, kiganja kakibandika kwenye spika, macho kafumba. Nilisimama hatua tatu nyuma yake. Ilikuwa kati ya wimbo na wimbo, ukumbi umetulia. Nikaita, "Chiriku!" Kimya. Nikaita tena. Watu wawili wakageuka, yeye shingo haikutikisika. Mara ya tatu nimeita kama naita tingo wangu aliye juu ya mzigo. Dada, mtoto niliyembeba mgongoni kanifanya ukuta.

Nikamgusa bega. Akaruka kama nimemchoma. Aliponiona akanikumbatia, akalia kidogo, kisha akaanza kuongea kwa sauti kubwa kama niko ng'ambo ya barabara, watu wanatutazama. Nikamuuliza taratibu, "Unaishi na nani?" Akasema, "Wanamaliza saa kumi na mbili." Nikasema, "Nimekuuliza unaishi na nani." Akatabasamu, akasema, "Ndiyo, Mjomba, tutakula." Wakili wa mahakamani hamfikii kwa kukwepa swali. Muda wote ananikodolea mdomo wangu, wala hanitazami machoni.

Sikuona mwanamume yeyote. Nilichokiona ni maringo. Mji umemharibu, mkanye.

Kaka yako.

5 Mei

Chiriku mwanangu,

Leo sitasalimia kwa kirefu, utanisamehe. Wote wazima.

Mjomba wako alikuja hapo kwa kutumwa na mimi. Nilikutuhumu. Ameniandikia kwamba una maringo, huitiki, unajibu usichoulizwa, unatazama midomo ya watu.

Niliisoma barua yake kazini, nimekaa juu ya furushi la mashuka, na mbele yangu alikuwepo mwenzangu wa kwenye mashine ya kukamua. Sijawahi kukuandikia habari zake. Miaka sita tulimsema yule mama. Tulisema anajiona, unamwita haitiki, unamsalimia anacheka. Wengine walisema anadharau wafuaji kwa sababu mumewe ni mwalimu. Mpaka siku muuguzi mmoja alipompigia makofi nyuma ya kisogo na yeye akaendelea kukunja shuka. Mashine ilikuwa imemmaliza masikio na hakumwambia mtu. Tulilia wote siku ile, maana tulikuwa tumemsema sana.

Nilikunja barua ya mjomba wako nikaanza kukuandikia hii.

Kanda niliyokutumia haikuwa na kitu, mwanangu. Sikujua kubonyeza. Hatukurekodi hata neno moja. Hakuna baba humo, hakuna bibi, hakuna aliyeimba.

Sikuulizi tena habari za mwanamume. Swali langu ni moja. Unasikia?

Mama yako.

13 Mei

Mama,

Ilikuwa tupu? Kweli ilikuwa tupu?

Nimesoma mstari huo nimesimama mlangoni, nikaenda kukaa chini sakafuni. Mama, hujui ulichonifanyia, kwanza kwa kuituma na sasa kwa kuniambia.

Nitakuambia yote. Sikio moja lilianza mwaka jana, mlio kama wa nzi aliyefungiwa kwenye chupa, halafu likanyamaza kabisa. La pili likawa linapungua. Simu niliiacha kwa sababu nilikuwa nabahatisha, nikikusikia umenyamaza nasema neno. Nilikwenda kwa daktari peke yangu. Akasema ni mashine, na kwamba nisipotoka kwenye kelele ile, lililobaki nalo litafuata.

Sikutoka. Msimamizi wetu akijua mtu hasikii anamwondoa siku hiyo hiyo, kwa sababu ya kengele ya hatari. Nami nilijua wewe ukijua utakuja kunichukua, unikalishe nyumbani karibu na bibi, na nyumbani hakuna Jumapili ya Nyundo Saba. Pale kwenye spika nilikuwa bado nasikia, Mama, kwa kiganja na kwa nyayo. Maneno ndiyo yalikwisha. Huo wimbo mpya wa Kokoto sijui unasema nini. Mpiga dramu nilimshika kwa sababu ndiye pekee niliyempata mzima.

Kanda yenu ilipofika niliiweka, nikafungua sauti hadi mwisho, nikabandika sikio zima kwenye redio. Hakuna. Nikageuza upande wa pili. Hakuna. Nikasema basi, na hili limekufa. Nililia mpaka jirani akaja kuniuliza kwa mikono. Siku iliyofuata nikakuandikia kwamba sauti zenu tamu. Nilibuni, nilijua bibi lazima angechekesha. Tangu hapo sikuthubutu kuweka kanda nyingine. Ukumbini nilirudi lakini sikusikiliza tena kwa sikio, hata sikujaribu.

Leo baada ya barua yako niliweka kanda ya Kokoto. Nimeiingiza kinyume mara mbili. Mama, nimesikia. Kwa mbali, kama watu wanaimba nyumba ya tatu na milango imefungwa, lakini ni sauti ya mtu, na ni wimbo. Nimecheka peke yangu kama mwehu.

Sasa umejua. Ninaogopa utakachosema, lakini hilo nalo ni kweli, na umetaka ukweli. Kengele ya hatari mara mbili nimeijua kwa kuona wenzangu wanakimbia.

Chiriku wako.

19 Mei

Chiriku wangu,

Bibi yako, baba yako na mdogo wako wote wanakusalimu, nimewaambia, usikasirike. Baba yako alitoka nje akajifanya anaosha brashi. Bibi kasema yeye masikio yake mazima hayajawahi kumsaidia kitu. Mjomba wako nimemwandikia afute neno lile la maringo, nimemwandikia kwa ukali.

Na mimi unisamehe. Nilikuwazia mwanamume, nilikuwazia mimba, nilikuwazia kufungiwa ndani, hata jela niliwaza siku moja. Hili sikuliwaza. Nilikuwa nimeshughulika mno kukuchunguza.

Kengele uliyoijua kwa kuona watu wanakimbia ndiyo imeninyima usingizi. Mwanangu, kwenye ile mashine hurudi. Hapo sikubembelezi na wala usiniletee maneno. Mwambie msimamizi wako mwenyewe, kabla hajajua kwa watu. Mwombe akuweke kwenye chumba cha kufungasha misumari, au popote penye ukuta mnene. Akikataa tutatafuta mlango mwingine, mikono yako ni mizima na kichwa chako ni kizima. Lakini sikio hilo lililobaki ni langu pia, nililibeba miezi tisa, na hicho kiwanda sikipi.

Naja Jumamosi ya wiki ijayo na basi la asubuhi. Sikuji kukuchukua. Nimeomba ruhusa kazini siku tano. Jumatatu tutakwenda wote kwa daktari, yeye anieleze mimi na mimi nikuandikie palepale, nimenunua daftari. Na Jumapili kabla yake utanipeleka ukumbini. Nataka Kokoto wapige huo wimbo wao mpya, nikuambie unasema nini. Kama ni wa kipuuzi nitakuambia pia.

Kama bado kuna jambo unanificha, liweke kwenye barua hiyo hiyo utakayonijibu, nisije nikalikuta huko.

Nijibu upesi, barua initangulie kabla sijapanda basi. Hukuniambia sikio lililobaki ni la upande gani. Nataka kujua tukifika ukumbini nikae wapi.

Mama yako.